Programu za bure: karatasi ya kwanza ndiyo inaamua kama zitatufaa

Siku moja ya posho, asubuhi, mama mmoja alifika kwenye redio ambako nilikuwa nikifanya kazi mbele. Alishika risiti mkononi. «Papa, tulilipa komunike ya kilio tokea jana yake asubuhi, isomwe mara tatu. Ndugu zetu wa Likasi na wa Fungurume hawakusikia kitu. Tumezika bila wao. Juu ya nini hamukusoma?»

Risiti ilikuwa ya kweli. Feza zilikuwa kwenye sanduku. Lakini komunike haikusomwa hata mara moja.

Mambo yalipita hivi. Kijana mmoja wa hapa Kakanda, mwenye akili sana ya ordinatere, alitutengenezea programu ndogo. Mpokezi anaandika komunike, programu inahesabu mara ngapi imekwisha kusomwa, na kila asubuhi inatoa orodha kwa msomaji. Hatukumlipa kitu, alifanya kwa mapendo. Programu ilitumika vizuri karibu mwaka mzima. Kisha kijana akapata kazi Kolwezi, akaenda zake. Siku ya tano ile ordinatere ikafa. Fundi akaleta ingine, akahamisha programu kutoka kwenye flashi, ikafunguka vizuri. Wote tukashangilia. Kumbe orodha ya komunike ilikuwa inakaa kwenye dosie ingine, na sharti mtu aionyeshe programu dosie hiyo mara ya kwanza. Hakuna aliyejua, paka kijana peke yake, na simu yake haikupita mpaka usiku. Msomaji aliona orodha tupu, akafikiri leo hakuna komunike.

Siwezi kumlaumu kijana. Siwezi kumlaumu mpokezi wala fundi. Kulikosa karatasi moja, ukurasa mmoja tu, wenye kusema: hii programu ni ya nini, inaanzishwa namna gani, na vitu vyake vinakaa wapi.

Leo nataka tuzungumze juu ya karatasi hiyo. Inaonekana kama jambo la mafundi wa ordinatere, lakini mwisho wake unafika mpaka kwenye kilio cha mtu.

Programu huria na fishie ya «nisome»

Wengi wetu tunatumia programu huria kila siku bila kujua. VLC, ile ya kufungulia video, ilianzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha Paris, na tokea 2001 mtu yeyote ana ruhusa ya kuitumia, kuigawia wengine, kutazama ginsi ilivyoandikwa na kuibadilisha. Audacity, ambayo redio ndogo nyingi zinakatia sauti, ilitoka 2000 na yenyewe iko hivyo hivyo. Ndiyo maana ya programu huria: bei yake mara nyingi ni sufuri, lakini zaidi ya bei, ndani yake ni wazi na haki ya kuitengeneza imetolewa kwa wote.

Sasa, programu hizi zinapowekwa kwenye intaneti, zinawekwa pamoja na fishie moja inayoitwa README. Kwa Kifaransa wanaandika LISEZMOI. Ni kusema: nisome. Desturi hiyo ni ya zamani, ilikuwako tokea miaka ya 1970, wakati ordinatere moja ilijaza chumba kizima. GitHub, ghala kubwa ambamo mafundi wa dunia wanaweka programu zao tokea 2008, inaonyesha fishie hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa kila mradi. Mgeni anayepita anaona hiyo kwanza. Akiielewa, anaingia. Asipoielewa, anapita.

Kumbe fishie hii ndiyo mara nyingi inaandikwa mwisho, kwa haraka, ao haiandikwi kabisa. Mwaka 2017 GitHub iliuliza watu zaidi ya 5000 wanaofanya kazi kwenye programu huria. Kati ya 100, 93 walisema wamekutana na maelezo yasiyokamilika ao yaliyopitwa na wakati. Na 60 kati ya 100 ya wale wanaochangia walisema wao wenyewe ni mara chache wanaandika maelezo, ao hawaandiki kabisa. Kila mtu analia kiu, na wengi hawachoti maji.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sasa

Mtu anaweza kusema: haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Hapana. Mashariki mwa Kongo tumekwisha kusimama juu ya programu huria, hata kama hatuzioni.

Tuanze na afya. Kila mwezi muuguzi wa kituo cha afya anajaza karatasi ya SNIS: wagonjwa wa malaria wangapi, watoto wangapi wamechanjwa, mama wangapi wamezaa. Kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya hesabu hizo zinaingizwa kwenye DHIS2. Nchi yetu iko na zoni za afya 519. DHIS2 ni programu huria. Ilianza Afrika Kusini kisha ubaguzi wa rangi kuanguka, na leo inaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, kule Norwe. Nchi zaidi ya 70 zinaitumia.

Tuangalie uchunguzi. Kijana anayepita Kivu, Ituri ao Tanganyika na telefone, akiuliza wakaaji wamekimbia kutoka wapi na wanakunywa maji gani, mara nyingi anatumia KoboToolbox. Programu hii ilitoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, na yenyewe ni huria. Inaandika majibu bila koneksio, inayatuma siku koneksio inapopatikana.

Sasa angalia kilichotokea 2025. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada mwezi wa kwanza, na shirika la USAID likafungwa mwezi wa saba. Miradi mingi ya mashariki ilikatika katikati. Gari zilirudishwa, ofisi zilifungwa, wafanyakazi walienda nyumbani. Programu huria haikufungwa, juu haina mwenyewe wa kuifunga. Lakini programu inaweza kubaki na ujuzi ukaondoka. Kama mtu aliyepanga orodha ya maswali, aliyejua neno la siri, aliyejua hesabu zinahifadhiwa wapi, alikuwa mmoja tu, na hakuandika ukurasa hata mmoja, yule anayebaki atakuwa kama sisi siku ile: programu inafunguka, orodha iko tupu.

Kwetu watu wa migodi tunajua jambo hili mbele ya wengine. Fundi mzee anayejua sauti ya masini akienda pansio bila kumwachia mtu daftari, masini inasimama, hata kama vyuma vyote viko.

Karatasi nzuri inasema nini

Nimesoma karatasi nyingi za namna hii, nzuri na mbaya, na nimepoteza mega nyingi. Kwa maoni yangu, ile nzuri inajibu maswali haya, kwa mpangilio huu.

La kwanza: hii ni nini, na ni ya nani? Jibu litoke kwenye misitari miwili ya kwanza. Wengi wanaanza na historia yao, ao na majina ya lugha za programu walizotumia. Msomaji hajauliza hayo. Anataka kujua kama programu itamsaidia kuuza dawa, kuhesabu mifuko ya unga, ao kusoma komunike.

La pili: inahitaji nini? Hapa mwandishi wa Kolwezi sharti aandike tofauti na mwandishi wa London. Kwetu mega ni mafranka. Kama programu inataka kuvuta mega 800 zingine kisha kuianzisha, andika hivyo wazi, mtu aamue mbele ya kuanza, asigundue katikati wakati unite zimekwisha. Andika kama inakubali Windows ya zamani, kama inafanya kazi bila koneksio, kama umeme ukikatika gafla kazi inapotea ao inabaki.

La tatu: naianzisha namna gani? Hatua moja, kisha ingine. Na kisha kila hatua sema msomaji ataona nini: «Utaona dirisha jeupe lenye neno Karibu.» Hii inasaidia sana, juu mtu anayefuata hatua kumi na haoni kitu, hajui kosa lilianzia ya tatu ao ya tisa. Usiandike «ni rahisi tu». Ikiwa rahisi ataona mwenyewe. Ikimshinda, utakuwa umemtukana.

La ine: nionyeshe mfano mmoja. Komunike moja imeandikwa, imehifadhiwa, imetoka kwenye orodha. Mfano mdogo unafundisha kuliko maneno mengi.

La tano: vitu vyangu vinakaa wapi, na nivilinde namna gani? Hili ndilo lilituua sisi. Sema dosie gani, sema ginsi ya kuikopya kwenye flashi kila juma, sema ginsi ya kuirudisha kwenye ordinatere mpya.

La sita: programu hii haifanyi nini? Watu wengi wanaogopa kuandika hili, wanafikiri watafukuza wateja. Lakini kwenye majimbo yetu linaweza kuokoa mtu. Tukumbuke Ushahidi, programu huria iliyozaliwa Kenya mwezi wa kwanza 2008, wakati wa fujo za kisha uchaguzi, kusudi raia watume habari za mahali watu wanaposhambuliwa. Mwaka ule ule ilitumika pia kufuata vita vya mashariki mwa Kongo. Chombo kama hicho kinapokea habari, lakini hakiwezi chenyewe kujua kama habari ni ya kweli. Hiyo ni kazi ya watu. Na kama programu yako inahifadhi jina na namba ya simu ya mtu aliyeshuhudia mauaji, na haifichi vitu hivyo kwa neno la siri, sharti uandike hivyo juu kabisa. Mtu akikamata telefone kwenye bariere, majina yote yako wazi. Anayetumia programu ana haki ya kujua hilo mbele ya kuandika jina la kwanza.

La saba: nani anaulizwa, na nina ruhusa gani? Weka njia moja ya kuuliza. Na weka leseni, ni kusema barua ya ruhusa. Vijana wengi wanaweka programu yao kwenye intaneti bila leseni, wakifikiri imekuwa huria. Si hivyo. Pasipo leseni, haki zote zinabaki kwa aliyeandika, na mwenye kufuata sheria hawezi kuigusa. Msitari mmoja unatosha kufungua mlango huo.

Na ukurasa wenyewe usizidi urefu. Yale marefu yaende kwenye fishie zingine, nisome ionyeshe tu ziko wapi. Neno la siri, hilo usiliandike humo hata siku moja.

Lugha gani?

Karatasi nyingi za namna hii ziko kwa Kiingereza. Kwenye uchunguzi ule wa GitHub wa 2017, karibu robo ya watu walisema hawasomi na kuandika Kiingereza vizuri sana. Hao ni watu ambao wamekwisha kuingia. Wale waliobaki mlangoni, nani aliwahesabu?

Kwetu shule ni ya Kifaransa, nyumbani na sokoni ni Kiswahili. Mimi naona nisome ya kazi za hapa iandikwe kwa Kifaransa na Kiswahili, moja pembeni ya ingine. Watu wengine watasema Kiswahili hakina maneno ya ordinatere. Swali hilo lilikwisha kupata jibu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni moja ya Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, yote kwa Kiswahili. Mradi wao uliitwa Kilinux. Kwa kazi ya namna ile sharti kwanza watu wapatane juu ya maneno, kusudi kitu kimoja kisiitwe majina matatu.

Lakini tusichukue maneno ya Dar es Salaam tukayabandika Kakanda bila kufikiri. Mpokezi wetu anasema «fishie», anasema «flashi», anasema «ordinatere». Ukimwandikia «tarakilishi» atakuangalia tu. Karatasi iandikwe kwa maneno ya yule atakayeisoma siku fundi hayupo.

Na vijana wanaoandika bila malipo?

Hapa kuna upande wa pili, na ni haki kuusikia. Kijana anayetengeneza programu usiku, kwa umeme wa kubahatisha, kisha anaigawa bure, kwa nini tumwongezee mzigo? Wengine wananiambia: kazi yangu ni programu, nisome ni kazi ya sekretere.

Najibu mambo mawili. Kwanza, karatasi inamsaidia yeye mwenyewe. Kila swali lililojibiwa pale ni simu moja isiyomwamusha usiku. Na kisha miezi sita yeye mwenyewe atakuwa amesahau alichofanya. Nisome itakuwa barua aliyojiandikia.

Pili, si lazima aandike peke yake. Lubumbashi ilionyesha njia mwaka 2014, wakati Madaktari Wasio na Mipaka na mashirika mengine walianza mradi wa Missing Maps. Watu wa mbali walichora barabara na nyumba za mji kutoka kwenye picha za satelite, wakiziweka kwenye OpenStreetMap, karata ya dunia iliyo huria. Lakini picha ya satelite haisemi jina la avenue wala la kartie. Majina yalitoka kwa watu wa mji wenyewe, waliotembea kwa miguu. Wengi wa wachoraji wale hawakuwa mafundi wa programu. Walifuata maelezo mafupi yaliyosema: chora hiki, acha kile. Bila maelezo yale, kila mtu angechora lake.

Ndivyo na nisome. Anayefaa zaidi kuiandika ni yule asiyejua programu, akikaa pembeni ya yule anayeijua. Fundi anaruka hatua bila kujua, juu kwake ni kama kupumua. Asiyejua anasimama kila mahali na kuuliza: hapo umebonyeza wapi? Swali lile ndilo msitari unaokosa.

Onyo moja: karatasi ya zamani inayosema uongo ni mbaya kuliko kukosa karatasi. Programu ikibadilika leo, nisome ibadilike leo, na tarehe iandikwe chini.

Tulichofanya sisi

Kisha kilio kile, tulimpigia kijana simu, akakubali. Mpokezi alikaa mbele ya ordinatere na daftari, simu kwenye sauti kubwa. Ilituchukua kisha-saa-sita moja. Mwanzo wa ukurasa ulikuwa hivi:

«Daftari la komunike. Programu hii inasaidia redio ndogo kuandika komunike zilizolipiwa, kuhesabu mara zimesomwa na kutoa orodha ya kila asubuhi. Haihitaji koneksio. Umeme ukikatika, komunike uliyokuwa unaandika itapotea; zile ulizohifadhi zitabaki. Ukiiweka kwenye ordinatere mpya, orodha itakuwa tupu mpaka uionyeshe dosie inayoitwa KOMUNIKE. Usisome hewani mbele ya kufanya hivyo. Programu haijui kama feza zimelipwa: angalia risiti.»

Ile sentensi ya dosie tuliiandika kwa herufi kubwa. Kisha tukamwita mlinzi wa usiku, ambaye hakuwa amegusa programu ile hata mara moja, tukamwambia: fuata karatasi, sisi tunanyamaza. Alikwama mara mbili. Tukarekebisha mahali pawili. Ukurasa ukabandikwa kwenye ukuta, kopi moja kwenye flashi, ingine kwa direkta. Ordinatere ilipokufa tena, mpokezi aliianzisha mwenyewe mbele ya habari za saa sita. Hakuna aliyempigia kijana simu.

Mama tulimrudishia feza zake na tukaomba musamaha hewani. Alipokea, lakini alituambia kitu ambacho sijasahau: «Feza mutarudisha. Kilio hakirudiwi.»

Wewe unayetengeneza programu Likasi, Kolwezi, Kalemie, Bukavu ao Bunia, na wewe unayeongoza shirika, famasi, shule ao redio inayoitumia: mbele ya mtu huyo kuondoka, mukae pamoja kisha-saa-sita moja. Mumpe karatasi asiyejua, munyamaze, muangalie anakwama wapi.